Uliza Ujibiwe: Majitaka ya batiki, dawa ya saluni na jua la Dodoma

Mbukwenyi wasomaji. Maswali ya visima nimeyaweka pembeni mpaka toleo lijalo maana meseji za maji ya rangi zimekua nyingi mno, na karibu zote zinazunguka jambo lilelile, kwahiyo nimechagua nne. Ya kwanza itakula nafasi kubwa, wengine msinune.

Habari za kazi mwandishi. Mi ni mama wa batiki hapa Chang'ombe, tuko wanne kwenye kikundi, tunatia rangi vitambaa na mashuka. Maji tukimaliza tunamwaga mtaroni na sasa majirani wamekuja juu, mtaro umekua zambarau na mwenyekiti wa mtaa kashafika mpaka mlangoni. Kuna kijana anasoma chuo katwambia kuna kitu kinaitwa fentoni, eti unachukua dawa ile ya kupaushia nywele saluni unachanganya na chuma, maji yanakua meupe kama ya bomba. Ni kweli au tunatapeliwa? — Mama Batiki, Chang'ombe

Mama heshima yako. Kijana hajawatapeli, hicho kitu kipo na ni cha zamani sana, mwaka 1894 mkemia mmoja wa Uingereza, Henry Fenton, aliandika kwamba haidrojeni peroksaidi (ndo hiyo dawa ya saluni) ukiitilia chuma kidogo inapata ukali ambao ikiwa peke yake haina, na leo hii njia hiyo ni moja ya zile zinazotumika kuvunja rangi kwenye majitaka ya viwanda vya nguo. Ila kijana kaanzia mwisho. Kabla hamjanunua chochote nijibu kwanza, hizo rangi zenu mnazikoroga na nini? Maana hapo ndo kila kitu kinapoamuliwa na sijaona mtu hata mmoja kwenye hizi meseji aliyeligusa.

Kama mnakoroga na kostiki (alkali kali ya kuchoma) na haidrosi (unga wa dawa unaonyang'anya oksijeni), basi kwa maji hayo fentoni hamuihitaji kabisa. Rangi za aina hiyo zenyewe haziyeyuki kwenye maji, haidrosi ndo inazilazimisha ziyeyuke, ndo maana kitambaa kikitoka kwenye diaba kinakua na rangi ya ajabuajabu alafu ukikianika hewani kinageuka taratibu mpaka ile rangi mliyoitaka inajitokeza, ni oksijeni ya hewani inaifanya irudi kua kitu kisichoyeyuka na inang'ang'ania ndani ya uzi. Sasa maji yaliyobaki kwenye diaba nayo yako hivyohivyo, yakipata hewa ya kutosha rangi inarudi kua unga na unga unazama. Kwahiyo msimwage siku hiyohiyo. Yawekeni kwenye pipa lililo wazi, koroga na mti, mimina ndoo kwa ndoo ukiyainua juu yapige mapovu, rudia asubuhi na jioni siku mbili tatu hivi, alafu acheni yatulie. Chini mtakuta tope la rangi. Unga ukigoma kuzama ni kwa sababu rangi nyingi zinakuja na dawa ya kuzifanya zielee, hapo shabu inasaidia, ila shabu haifanyi kazi kwenye kostiki kali, mpaka muwe mmeshapunguza ukali wa maji.

Na hapo kwenye kostiki ndo pa kuwa makini kuliko hata rangi, maana rangi majirani wanaiona lakini kostiki hawaioni na ndo inayochoma ngozi ya mtoto anayecheza mtaroni. Maji hayo pH yake (kipimo cha asidi na kostiki, 7 ndo katikati) ni 12 au 13, sheria zetu za viwango vya majitaka zinataka 6.5 mpaka 8.5. Nunueni karatasi za kupimia pH, ziko kwenye maduka ya vifaa vya maabara, na mshushe ukali kwa kutia asidi kidogokidogo mkikoroga, kwa maji machache hata siki inatosha. LAKINI msitie asidi kwenye maji ambayo haidrosi yake haijaisha, inatoa hewa ya salfa inayokaba kifua, ndo maana nikasema hewa kwanza siku mbili tatu na asidi baadae. Na kopo la haidrosi lenyewe msiliache wazi au mahali penye unyevu, likiingia maji kidogo linapata joto lenyewe mpaka linawaka.

Mkiitia fentoni kwenye maji ya haidrosi mnajua nini kitatokea? Haidrosi kazi yake ni kunyang'anya oksijeni, peroksaidi kazi yake ni kuigawa, ukizikutanisha zinamalizana zenyewe kwa zenyewe na rangi inabaki inawatazama. Hela imekwenda.

Haya, sasa kama mnatumia zile rangi za chumvi na magadi, zile angavu za kutia bila moto, hapo hadithi ni nyingine. Hizi zinayeyuka kabisakabisa, hewa haizifanyi kitu, hazizami hata ukisubiri mwezi, na sehemu kubwa haishiki kwenye kitambaa, inatajwa asilimia 10 mpaka 50 inaondoka na maji kutegemea rangi na namna mnavyotia. Kijana wenu kwa maji haya yuko sahihi. Ila hata hapa anzeni na kupunguza, kitambaa kikishapakwa rangi kifungeni kwenye nailoni kilale usiku kucha badala ya kukisuuza baada ya saa moja, rangi nyingi zaidi itashika, na maji ya msuuzo wa mwisho ambayo karibu ni safi yawekeni yawe msuuzo wa kwanza wa kesho, kwa Dodoma hii ya maji ya mgao nadhani hilo sihitaji kulielezea.

Kinachobaki ndo cha fentoni. Hesabu yake iko hivi, uchafu wa kwenye maji unapimwa kwa kitu kinaitwa COD, yaani oksijeni inayohitajika kuuchoma wote, na kila gramu moja ya COD kwa kanuni inataka gramu 2.1 hivi za peroksaidi tupu. Chukulia pipa lenu la lita 200 lina COD ya miligramu 500 kwa lita, hiyo ni gramu 100 za uchafu, inataka gramu 212 za peroksaidi. Dawa ya saluni ya volyum 20 ni asilimia 6, kwahiyo mnahitaji lita tatu na nusu kwa pipa moja. Nendeni mkaulize bei ya lita alafu mzidishe, mtajua kama batiki inalipa au hailipi. Na iwe ile ya maji, sio ya krimu, ya krimu ina mafuta ndani mtakua mnaongeza uchafu kwenye uchafu. Ile kali ya viwandani ya asilimia 35 au 50 inatoka bei nafuu kwa gramu lakini mimi siwashauri muiweke nyumbani penye watoto, ikigusa ngozi inaunguza pakawa peupe palepale, jicho ndo usiseme.

Habari njema ni kwamba kuondoa rangi tu kunataka dozi ndogo kuliko hiyo ya kuchoma kila kitu. Kwahiyo msianze na pipa, anzeni na chupa. Chukua chupa tatu za lita moja moja za maji ya rangi, shusha pH mpaka kwenye 3, tia nusu gramu hivi ya feras salfeti kila chupa (ni chumvi ya chuma, ya duka la pembejeo jamani, sio vidonge vya kuongeza damu vya wajawazito, najua kuna mtu alikua anataka kuuliza), alafu peroksaidi ya asilimia 6 tia mililita 5 kwenye ya kwanza, 10 ya pili, 20 ya tatu, kidogokidogo. Rangi nyingi zitaanza kufifia ndani ya dakika chache, zipeni saa moja au mbili alafu mchague dozi ndogo kabisa iliyofanya kazi. MSIFUNIKE chupa kwa kizibo, inatoa gesi na itapasuka. Vaeni glavu na miwani, fanyieni nje.

Mkishamaliza tieni chokaa mpaka pH ifike kwenye 8, chuma chote kitageuka tope la kahawia kitazama, acheni usiku kucha, juu mtapata maji meupe. Lile tope likaushwe juu ya turubai na lisiende bustanini, mnapotumia bluu ya feruzi hasa, ile rangi ina shaba ndani yake na mkiivunja shaba inaachiwa, bahati nzuri kwenye pH ya 8 na kitu inazama pamoja na tope. Muulizeni afisa mazingira wa jiji pa kulipeleka.

Je maji yatakua kama ya bomba? Kwa macho ndio. Kwa kunywa au kumwagilia, hapana mama, chumvi bado imo. Mkitia gramu 50 za chumvi kwa lita, diaba ya lita 40 ina kilo mbili za chumvi na hakuna peroksaidi wala ozoni wala jua litakaloiondoa humo, chumvi haichomeki. Hilo nalirudia kwa muuliza swali wa mwisho hapo chini. Na kama mnataka kuyapeleka kwenye mfereji wa majitaka wa DUWASA (mamlaka ya maji ya Dodoma), muwaone kwanza, mkienda na yameshapoa ukali na rangi mtasikilizwa, maana yale mabwawa ya majitaka kazi kubwa inafanywa na mwani unaotengeneza oksijeni kwa kutumia mwanga, sasa maji ya rangi yanazuia mwanga usipenye chini, kwahiyo ishu ya rangi sio uzuri wa macho tu kama wengi wanavyodhani.

Niaje bro, mi niko chuo hapa Dom mwaka wa mwisho, projekti yangu ni fentoni kwa maji ya rangi za nguo. Rangi inapotea vizuri tu ila nikipima COD inapanda kuliko mwanzo!! Supavaiza anasema nimekosea kupima. Nimerudia majibu ni yaleyale. Alafu nikitumia maji ya kisima kutengeneza sampuli inafanya vibaya kuliko maji ya kuchujwa ya maabara (yasiyo na chumvi). Nini hii? Na kwa nini lazima pH 3? — Mwanafunzi, Dodoma

Mdogo wangu, supavaiza yuko sahihi nusu na wewe uko sahihi nusu. Peroksaidi iliyobaki bila kutumika inaingia kwenye kipimo, ile daikromati unayotumia kupima inaichoma na yenyewe, kwahiyo mashine inakuhesabia dawa yako kama uchafu. Kabla ya kupima hakikisha imeisha, pandisha pH, acha ikae au ipashe moto kidogo, pima kwa vipande vya kupimia peroksaidi mpaka visome sifuri. Na chumvi ya rangi nayo inadanganya kipimo hichohicho, kloraidi inachomwa na daikromati, ile salfeti ya zebaki kwenye vichupa inafunika mpaka kiasi fulani tu, miligramu 2000 kwa lita hivi, maji ya kutilia rangi yanapita hapo mara nyingi sana. Changanya hayo mawili unapata COD inayopanda wakati uchafu unashuka.

pH 3 sasa. Chuma cha feras kikikutana na peroksaidi kinaivunja na kuzaa haidroksili radiko, kipande kidogo cha oksijeni na haidrojeni chenye njaa ya elektroni, nguvu yake ya kuchoma ni volti 2.8, ozoni ni 2.07, peroksaidi yenyewe 1.78, klorini 1.36. Kinaishi muda mfupi kupita maelezo na kinagonga chochote kilicho karibu bila kuchagua. Ukipanda juu ya pH 4 chuma kinaganda kinakua kutu na kazi inasimama, ukishuka chini ya 2.5 peroksaidi inatulia na chuma kinakua mvivu. Ndo maana wote mnakimbilia 3. Na usizidishe peroksaidi ukidhani ndo unaharakisha, ikizidi inaanza kuwala hao radiko wenyewe.

Kisima. Maji ya visima vya huku kwetu mengi yana chumvi na ugumu, wewe mwenyewe unajua sabuni inavyogoma kutoa povu na birika zinavyoota magamba meupe, na hapo ndo naona projekti nyingi zinanakiliwa kutoka kwenye makala za watu waliotumia maji yaliyochujwa maabara alafu zinashangaa. Baikaboneti inakula asidi yako, utamwaga asidi nyingi zaidi kabla hujafika 3, ila ukifika 3 imeshaondoka kama gesi. Kloraidi haiendi popote. Inagongwa na radiko badala ya rangi kugongwa, na kwenye asidi ndo inazidi kusumbua, inaweza hata kutengeneza vitu vyenye klorini. Kwahiyo hayo majibu yako mabaya ya kisima usiyafiche, mi naona ndo sehemu ya projekti inayostahili kusomwa, mtu wa Chang'ombe na Nkuhungu hatakua na maji ya kuchujwa.

Kingine ambacho sijaelewa kwa nini hujakigusa ni jua. Fentoni ya gizani chuma cha feras kinageuka feriki (chuma kilichoshatoa elektroni yake) na kinarudi kwa kujikokota, ukiiweka juani mwanga unakirudisha haraka, unatumia chuma kidogo na tope linapungua. Kule Almería, Hispania, kuna kituo cha utafiti wa jua wamefanya kazi hii miaka na miaka. Huku kuanzia Mei mpaka Oktoba mvua karibu hamna na jua lipo la kumwaga, beseni bapa la maji ya kina kifupi linatosha kuanzia. Titani oksaidi (unga mweupe unaotumia mwanga kuvunja uchafu) ambayo naona umeitaja kwenye meseji ya pili ni nzuri kwenye makala lakini inatumia miale mikali tu ya chini ya nanomita 390, ambayo kwenye jua ni asilimia chache, wakati fentoni ya jua inakula mpaka mwanga unaoonekana kwa macho. Ozoni inafaa viwanda vikubwa vyenye umeme wa uhakika, basi.

Na usiandike kwenye hitimisho kwamba maji ni safi kwa sababu rangi imepotea. Rangi inakufa pale tu kifungo kimoja cha molekyuli kinapokatika, zile pete za kaboni ndani ya molekyuli zinaweza kuwa bado zimo. Pima na COD, ukiweza pima na kaboni yote. Mabaki mengi ya mwisho ni asidi ndogondogo kama za fomiki na oksaliki ambazo bakteria wanazila, kwahiyo bwawa la mimea baada ya fentoni ni wazo zuri kuliko kulazimisha peroksaidi imalize kila kitu.

Kaka mi nafua na kupausha jinzi Singida mjini. Si natia tu Jik kwenye maji ya rangi yanakua meupe? Kwa nini mnatuzungusha na makemia? — Fundi Jinzi

Yanakua meupe ndio, bluu ya jinzi ni moja kati ya zinazokubali Jik haraka. Ila klorini haivunji tu, inajibandika pia kwenye vipande vya rangi na uchafu mwingine na kuzaa vitu vyenye klorini ambavyo vingine ni sumu na vinakaa ardhini muda mrefu, na wewe Singida unachimba kisima hapohapo unapomwaga. Alafu siku utakapokua na maji ya asidi ukatia Jik utavuta klorini, hapo hospitali. Wala usichanganye Jik na peroksaidi, zinapovu kwa nguvu na zinamalizana bure. Bluu ya jinzi ni ya ukoo wa zile rangi za kostiki na haidrosi nilizomweleza mama, kwenye maji ya kufulia iko kama unga na nyuzinyuzi. Chuja kwa kitambaa kizito, tia shabu, acha itulie, maji ya juu rudi ufulie tena.

Shikamoo mwandishi. Nina bustani ya mchicha na figiri karibu na korongo, Kizota. Jirani yangu anatia rangi nguo, sasa hivi anasafisha maji yake kwa dawa yanatoka meupe kabisa, kaniambia nichukue bure nimwagilie maana kiangazi hiki maji ya kununua yananimaliza. Nilishaanza wiki hii, naona majani yanakauka pembeni. Ni dawa au ni jua? — Mkulima

Marahaba. Ni chumvi. Acha leo.

Hiyo dawa imeondoa rangi, chumvi na magadi vimebaki vyote, na sodiamu yake inafanya udongo ujifunge, maji yanasimama juu hayaingii, juu panafanya ukoko mweupe. Kwenye nchi ya mvua nyingi ingeoshwa, sisi tunapata milimita 500 na kitu kwa mwaka na jua linavuta maji juu linaiacha chumvi pale kwenye mizizi. Mwambie jirani maji hayo achimbe beseni la kina kifupi alitandike nailoni nzito, ayaache yakauke, kiangazi chetu kitafanya hiyo kazi bure na atabaki na chumvi ya kuzoa, akitaka ajaribu kuitilia rangi tena. Asimwage korongoni maana mvua ya kwanza ya Desemba itakuletea wewe uleule mzigo.

Bustani yako, kwa wiki moja haijaharibika. Kwangua ukoko wa juu utupe mbali, mwagilia maji mengi ya kawaida kwa mkupuo mara moja au mbili badala ya kidogokidogo kila siku, ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Maji yakiendelea kusimama juu tafuta jasi ya unga uichanganye na udongo, inachimbwa hapo Itigi kwahiyo haitoki mbali, ulizia kwa wauza pembejeo au wenye malori ya Manyoni. Mchicha ulioanza kukauka ung'oe, figiri ziangalie siku kadhaa kwanza.